Maneno ya Kuyajua Kabla ya Kuweka Dole Gumba

Shamba huku Uluguru haliporwi usiku. Huondoka mchana kweupe, kwenye ofisi ya kijiji au kwenye kibanda cha stesheneri mjini Morogoro, mbele ya mashahidi, na karatasi iliyoliondoa ina dole gumba la mwenye shamba mwenyewe. Ukimuuliza baadaye atakuapia kwamba hakuuza. Aliweka rehani. Au alipangisha. Au alimdhamini shemeji yake kwa mkopo wa pikipiki. Neno lililoandikwa pale alilipokea kwa maana ya mtaani, na aliyeliandika alilitumia kwa maana ya sheria.

Mwongozo huu ni wa maneno hayo. Sitayapanga kwa alfabeti kwa sababu hayakujii kwa alfabeti. Yanakujia kwa mwendo wa maisha: kwanza mzigo, kisha mkopo, kisha ardhi, na mambo yakichacha, baraza na mahakama. Kila neno nitalipima kwa swali moja ambalo naomba nawe ulizoee kabla ya kushika kalamu: mambo yakiharibika, hasara ni ya nani?

Mzigo

Wakulima wa Mgeta, kule Nyandira, Tchenzema na Langali, wanalima kabichi, karoti, njegere, viazi na stroberi. Wa upande wa Kinole, Tawa na Matombo wana ndizi, karafuu, viungo na matunda. Mazao ni tofauti, lakini wanaokuja kuyachukua ni watu wa aina tatu, na kwa macho hawatofautiani: wote wana simu mbili na daftari lililokunjwa mfuko wa nyuma.

Wa kwanza ni mnunuzi. Mkishakubaliana bei na akauchukua mzigo, mzigo ni wake. Gari likiharibika njiani pale Mlali na kabichi zikaoza, hasara ni yake, na wewe bado unamdai. Wa pili ni wakala. Huyu anauza kwa niaba yako, mali inabaki kuwa yako mpaka iuzwe, yeye anapata ujira wake, na ana wajibu wa kukupa hesabu ya kila shilingi aliyopokea. Kabichi zikioza bila uzembe wake, hasara ni yako. Wa tatu ni dalali. Kazi yake ni kukukutanisha na mnunuzi, basi. Anakula kamisheni kwa kuunganisha. Mnunuzi akikimbia na hela zako, dalali hakulipi isipokuwa mmeandikiana hivyo.

Halafu kuna mali kauli, na hapa ndipo fedha nyingi za mlimani zinapopotelea. Mtu anabeba mzigo leo kwa neno lake, atalipa baadaye. Lakini atalipa lini, na kwa sharti gani? "Nikiuza nakupa" si sawa na "Jumamosi nakupa". Anayesema "nikiuza nakupa" amejiweka kwenye nafasi ya wakala: asipouza, au akisema hakuuza, hasara inarudi kwako Nyandira. Anayesema "Jumamosi nakupa laki sita, ziuzike zisiuzike" amenunua kwa mkopo na sasa ni mdaiwa wako. Magunia ni yaleyale, gari ni lilelile, lakini hasara imehama kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine.

Basi kabla gari halijawashwa, mwombe akuandikie kwenye simu. Ujumbe kama huu unatosha: "Mama, nimepokea magunia 20 ya kabichi leo. Jumamosi jioni nakutumia laki sita, yauzike yasiuzike." Nawe umjibu: "Sawa, nimekubali." Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo unapokelewa kuwa ushahidi. Usiufute, na ukibadilisha simu, uhamishe. Anayekataa kuuandika ujumbe wa mistari miwili ana sababu zake, nawe hulazimiki kumpa mzigo.

Hapo tumeshaingia kwenye mkataba bila kuutaja. Watu wengi wakisikia mkataba wanafikiri karatasi yenye muhuri. Sheria ya Mikataba inaangalia mambo mengine: pande zote ziwe zimekubali kwa hiari, ziwe na umri wa miaka 18 na akili timamu, kila upande uwe unatoa kitu ili upate kitu, na jambo lenyewe liwe halali. Yakitimia hayo, hata mkataba wa mdomo ni mkataba, isipokuwa pale sheria inapotaka maandishi, kama kwenye kuuza ardhi. Shida ya mkataba wa mdomo ni kuuthibitisha. Muhuri wa mwenyekiti nao hauufanyi mkataba mbovu kuwa mzuri. Unaonyesha tu kwamba mwenyekiti alikuwepo.

Angalia pia sharti, yaani jambo ambalo lisipotimia, malipo hayadaiwi. Mwishoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Kibungo Juu, kwenye vyanzo vya Mto Ruvu, waliingia katika mpango uliosimamiwa na mashirika ya CARE na WWF: walipwe kwa kuchimba matuta na kupanda miti ili maji yashuke Dar es Salaam yakiwa na tope kidogo, huku DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, ikiwa miongoni mwa walipaji. Hela haikutolewa kwa kuwa na shamba mlimani. Ililipia kazi iliyofanyika. Ukisoma mkataba wowote wa namna hiyo, uwe wa miti, wa kilimo cha viungo au wa mbuzi wa maziwa, tafuta kwanza ni kazi gani itapimwa, nani ataipima, na ukipishana naye utakata rufaa kwa nani.

Kuhusu kipimo niseme kwa ufupi. Lumbesa si gunia kubwa tu, ni bei iliyopunguzwa kwa siri. Sheria ya Vipimo inataka mazao yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na anayesimamia ni Wakala wa Vipimo. Mkikubaliana bei "kwa gunia" bila kutaja kilo, kile kilemba cha wavu kinachoshonwa juu ya gunia ni zawadi yako kwa mnunuzi. Andikeni kilo. Na ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, kisheria ni mzigo wa mnunuzi. Akikukata wewe, jua amekuhamishia deni lake.

Mauzo na faida

Tuseme umelima robo ekari ya kabichi, ukauza 900,000. Hayo ni mauzo. Mbegu, mbolea na dawa zilikula 280,000, vibarua 150,000, magunia na usafiri 170,000. Ukitoa jumla hiyo ya 600,000 unabaki na 300,000, nayo ndiyo faida ghafi. Wengi huishia hapa na kwenda kununua simu. Bado hujatoa kodi ya shamba la msimu, tuseme 60,000, na riba ya mkopo, tuseme 90,000. Inabaki 150,000: hiyo ndiyo faida halisi, kwa kazi ya miezi mitatu, na wewe mwenyewe hujajilipa hata siku moja ya palizi.

Kwa nini utofautishe? Kwa sababu mamlaka na wakopeshaji hawaangalii jambo moja. Kodi ya makadirio ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kwa mfanyabiashara mdogo inatazama mauzo ya mwaka, si faida, kwa hiyo unaweza kupata hasara na bado ukadaiwa kodi. Kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, nayo inatazama mauzo: tangu Julai 2023 anayelazimika kujisajili ni mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Mkulima wa Mgeta hayumo, ila mwenye duka la jumla pale mjini anaweza kuwemo bila kujijua.

Mzunguko wa fedha ni kitu kingine tena. Unaweza kuwa na faida kwenye daftari na huna nauli ya kwenda stendi ya Msamvu, kwa kuwa faida yote iko mikononi mwa watu wa mali kauli. Biashara nyingi ndogo hufa hivyo, zikiwa na faida.

Na kama unataka kurasimisha: TIN ni namba ya mlipakodi, leseni ya biashara ni ruhusa ya kufanya biashara hiyo mahali hapo, jina la biashara ni jina tu lililosajiliwa kwa wakala wa usajili, BRELA. Jina la biashara halikukingi. "Uluguru Viungo" ikifilisika, anayedaiwa ni wewe, na nyumba yako imo. Kampuni ni tofauti. Sheria inaihesabu kuwa mtu kamili, ina mali yake na madeni yake, na wewe mwenye hisa unapoteza ulichoweka humo. Kwa kawaida. Maana benki zinaijua kinga hiyo vizuri, na ndiyo sababu zinamtaka mkurugenzi asaini pia kama mdhamini binafsi. Akisaini, kwa deni hilo kinga imekwisha.

Mkopo

Neno la kwanza ni riba, na swali la kwanza kuhusu riba si asilimia ngapi, ni asilimia ya nini. Chukua mkopo wa 1,000,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anaipiga kwenye mkopo wote kila mwezi, hata baada ya wewe kulipa nusu: 35,000 mara 6, jumla 210,000. Wa pili anaipiga kwenye salio lililobaki: ukirejesha sehemu sawa kila mwezi, jumla ni 122,500. Tangazo ukutani ni moja, "riba 3.5". Tofauti ni 87,500, pembejeo za msimu kwa watu wengine. Muulize: "Riba yenu inapungua na salio?" Kisha mwombe ratiba ya marejesho iliyochapwa, uhesabu mwenyewe.

Ongeza ada ya maombi, bima ya mkopo na "gharama za fomu". Zikikatwa juu kwa juu, unaondoka na 930,000 na unalipia riba ya 1,000,000.

Mikopo ile inayoitwa kausha damu imepata jina lake kwa haki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Anayekutoza asilimia 20 kwa wiki na kukwambia "ni utaratibu wetu" yuko nje ya utaratibu huo. Omba kuiona leseni. Na kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri usimkabidhi mtu, hata kama foleni nzima imezikabidhi.

Sasa yale matatu yanayochanganywa kila siku: dhamana, rehani na udhamini.

Dhamana ni kitu au ahadi yoyote inayosimama nyuma ya deni: pikipiki, friji, mshahara, shamba. Rehani ni dhamana ya ardhi au nyumba kwa mujibu wa sheria. Ukiweka rehani benki, unaendelea kulima na kuishi humo. Benki haina haki ya kuchukua mpaka ushindwe kulipa, na hata hapo lazima ikupe notisi ya maandishi ya siku 60, kisha mnada utanguliwe na tangazo la siku zisizopungua 14. Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako lazima aridhie kwa maandishi. Hii si hisani ya benki, imo kwenye Sheria ya Ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Mama ukiitwa benki "uje usaini tu, ni taratibu", jua unaitwa kutoa ridhaa hiyo. Una haki ya kusema hapana.

Vijijini tuna "rehani" nyingine: unachukua laki tano kwa mtu, naye analima shamba lako mpaka umrudishie. Ikiandikwa vibaya, ndiyo rehani inayogeuka mauzo baada ya miaka mitatu. Nimeona karatasi ya namna hiyo iliyoandikwa "nimempa shamba ndugu fulani kwa shilingi laki tano". Nimempa! Humo hakuna neno deni, hakuna tarehe ya kurudisha, hakuna kilichosemwa kuhusu mavuno ya katikati. Baraza likisoma sentensi hiyo litasoma kuuza. Andika hivi: "Nimekopa shilingi laki tano. Hadi nitakapolipa, mkopeshaji atalima shamba langu. Nikilipa, shamba linarudi siku hiyohiyo baada ya mavuno yaliyomo. Shamba halijauzwa." Sentensi ya mwisho ni fupi na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Udhamini ndio unaovunja udugu. Mdhamini haji kumwonea mkopaji huruma wala kuthibitisha tabia yake. Mdhamini ni mdaiwa wa akiba. Kwa Sheria ya Mikataba, dhima yake ni sawasawa na ya mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Mkopeshaji hana ulazima wa kummaliza kwanza mkopaji ndipo aje kwako. Anaweza kuanza na wewe mwenye ng'ombe. Shemeji akija na fomu, muulize ni kiasi gani, cha muda gani, na kama ungekuwa tayari kulipa chote wewe. Kama jibu la swali la mwisho ni hapana, mwambie, "Shemeji, kwa hili utanisamehe." Mtanuniana msimu mmoja.

Vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, ni habari nzuri zaidi, na huku milimani vingi vinaendeshwa kwa nidhamu ambayo baadhi ya kampuni za mjini hazina: sanduku, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hesabu inasomwa kwa sauti mbele ya wote. Hisa ya kikoba ni akiba unayoinunua kila mkutano. Mwisho wa mzunguko mnavunja, na faida inagawanywa kwa idadi ya hisa. Hisa ya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, haivunjwi hivyo, ni umiliki wako ndani ya chama, na kuitoa kuna utaratibu wake. Mfuko wa jamii wa kikoba ni wa misiba na maradhi, haukopeshwi kibiashara. Bima ya amana, inayomlinda mwenye akaunti hadi shilingi milioni 7.5 benki ikifilisika, haigusi sanduku la kikoba wala SACCOS. Huko, hasara ni ya wanachama. Kabla ya kukimbilia mkopo wa riba, waulizeni pia maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri kuhusu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu.

Ardhi ya ukoo

Hapa Uluguru hapafanani na sehemu nyingine nyingi za nchi, na anayenunua shamba akitokea Dar es Salaam bila kulijua hilo anatafuta kesi. Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na ardhi ya ukoo hupita huko, kwa mjomba na wapwa. Hata cheo cha Kingalu, machifu wa Kinole ambao jina lao sasa limeandikwa kwenye soko kuu la mjini Morogoro, hurithiwa kwa upande huo. Asiye wa ukoo aliweza kulima, lakini kwa ruhusa, na zamani alitoa ngoto kwa mkuu wa ukoo kama ishara kwamba ardhi si yake.

Sasa mfikirie kijana anayekuuzia "shamba la baba". Huenda baba alilima hapo miaka 40. Lakini kama ardhi ilikuwa ya ukoo wa baba, kwa desturi warithi wake ni watoto wa dada zake, na kijana huyo ni wa ukoo mwingine kabisa. Siku hizi baba wengi wanawapa watoto wao, koo nyingine zimelegeza, na wapo walionunua kwa hela yao wenyewe, kwa hiyo usikisie. Uliza maswali matatu, na uyaulize mbele ya wazee wa pande zote mbili: ardhi hii ni ya ukoo gani, marehemu aliipataje, na nani mwingine analima humo? Akija mjomba mmoja kukuambia "mwanangu, hapo usinunue kwanza", msikilize.

Haki ya kutumia ni ruhusa ya kulima, inaweza kukoma. Umiliki wa kimila ni haki kamili inayotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hata kama huna karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila ni karatasi inayothibitisha haki hiyo, na kwa kawaida haina ukomo wa miaka. Hati miliki ya mjini ni nyingine: inatolewa kwa muda maalumu usiozidi miaka 99, ina masharti ya matumizi na kodi ya pango la ardhi. Hata hizo mbili ni haki juu ya matumizi ya ardhi, kwa kuwa ardhi yenyewe ni ya umma. Na mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi ni batili kwa sheria hiyohiyo ya 1999, iwe ya ukoo wa mama au wa baba.

Idhini ya kijiji haimaanishi sahihi ya mwenyekiti. Halmashauri ya kijiji ni kikao cha watu 15 hadi 25, na kikao kinaacha muhtasari. Kama mnunuzi si mwanakijiji, bila idhini ya kikao hicho mauziano yana kasoro itakayokuja kukuumbua. Omba nakala ya muhtasari, utafute jina lako ndani yake.

Maendelezo ni kile kilichoongezwa kwenye ardhi: nyumba, matuta, mikarafuu, migomba. Kwenye mashamba ya viungo mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na udongo wa mwingine, na wapo waliouziwa mikarafuu wakadhani wameuziwa shamba. Taja vyote viwili kwa majina: "ardhi pamoja na mikarafuu 30 iliyomo", au "mikarafuu 30 tu, bila ardhi". Na juu kule, ukiona vigingi vya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008, hakuna anayeweza kukuuzia kilicho ndani yake, hata akiwa na muhuri wa namna gani.

Baraza na mahakama

Kesi ya madai ni ya mtu kumdai mtu: kuna mdai na mdaiwa, na mwisho wake ni kulipa au kurudisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mwisho wake ni adhabu. Deni la mali kauli ni madai. Kumpeleka mtu kituoni ili "atishwe kidogo" hakukupi hukumu, na polisi si wakusanya madeni. Nenda Mahakama ya Mwanzo.

Ila Mahakama ya Mwanzo haisikilizi migogoro ya ardhi. Ardhi inaanzia baraza la kijiji au la kata, na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kuwapatanisha linathibitisha hivyo kwa maandishi, na zikipita siku 30 bila usuluhishi huhitaji hata cheti hicho; ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Mjini Morogoro, Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kilichoanza 2021 kimeweka ngazi kadhaa za mahakama kwenye jengo moja, kwa hiyo nauli imepungua.

Mirathi ndiko kwenye neno linaloumiza kuliko yote: msimamizi. Msimamizi wa mirathi si mrithi mkuu wala mmiliki mpya. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni ya marehemu na kugawa kwa warithi, na akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Akikaa miaka mitano akila kodi ya nyumba, warithi wana haki ya kuomba aondolewe. Muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza haumpi mamlaka, yanatoka mahakamani.

Mwisho, kukazia hukumu. Ukishinda kesi, hela haziji zenyewe. Asipolipa, unarudi mahakamani kuomba hukumu ikaziwe, mali yake ikamatwe na kuuzwa. Ukishindwa, rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ina siku 30. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Morogoro wapo.

Na kuna saa inayogonga bila wewe kuisikia, inaitwa ukomo. Kwa Sheria ya Ukomo, dai la mkataba linakufa baada ya miaka 6, la kurudisha ardhi baada ya miaka 12. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake au akilipa sehemu kabla ya muda kwisha, saa inaanza upya, ndiyo maana inafaa kumwomba hata elfu kumi na kumwandikia stakabadhi. Leo jioni fungua ile bahasha ya karatasi zako, usome tarehe za kila deni na kila shamba. Kama kuna deni la mwaka wa tano, kesho asubuhi panda gari.